Kutua si Kutupa: hotuba kwa walimu wanaostaafu, Mbeya

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa elimu mliopo, walimu wenzangu mnaostaafu mwaka huu, na ninyi wake, waume na watoto mliokuja kuwasindikiza, nawasalimu kwa heshima. Kwa waliotoka Iringa na Njombe nasema kamwene, na kwa ndugu zangu wa Rungwe nasema ndaga fijo kwa kupanda gari alfajiri katika baridi hii.

Niliombwa niseme juu ya afya baada ya kustaafu, na nadhani waandaaji walitarajia nizungumzie chumvi, sukari na kutembea asubuhi. Hayo mtayasikia kwa muuguzi atakayesimama baada yangu, ambaye anayajua kuliko mimi. Mimi nitasema juu ya jambo moja tu, ambalo lilinichukua karibu miaka mitatu kulijifunza nikiwa nimelala chali juu ya jamvi, nalo ni namna ya kuachia.

Leo ni tarehe 21 Juni. Mwezi Desemba mwaka 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio, lililoletwa na India na kuungwa mkono na nchi 177, la kuifanya tarehe hii kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, nayo ikaanza kuadhimishwa mwaka 2015. Walioichagua walitazama upande wa kaskazini ya dunia, ambako leo mchana ni mrefu kuliko siku nyingine zote za mwaka. Kwetu sisi tulio kusini ya ikweta ndiyo siku yenye mchana mfupi kuliko zote, na hapa chini ya mlima Loleza ni siku ya kuvaa sweta juu ya sweta. Hata hivyo nimeifurahia, kwa sababu mwili uliokunyata kwa baridi unanisaidia kueleza ninachotaka kueleza. Tazameni mabega ya mliokaa karibu nanyi. Hakuna aliyeyaamuru yapande hadi masikioni, lakini yamepanda.

Nilistaafu mwaka 2016 nikiwa na miaka 60, baada ya kufundisha shule za msingi kwa miaka 36, mingi kati ya hiyo nikisomesha Kiswahili. Mliokwisha kuagwa mnajua mambo yanavyokuwa: kuna hotuba, kuna kitenge, kuna ngoma ya watoto wa darasa la tano, kisha Jumatatu inafika na kengele inalia bila wewe. Kwa mwaka mzima niliendelea kuamka saa kumi na moja, nikaoga, nikavaa viatu vya kazini, nikakaa kwenye kiti cha sebuleni nikiwa na mkoba mapajani. Ndani ya mkoba huo kulikuwa na ufunguo wa kabati la vitabu vya darasa. Nilikuwa nimekabidhi kila kitu kwa maandishi, kuanzia daftari la mahudhurio hadi azimio la kazi la muhula uliofuata, lakini ufunguo ule nilisahau kuukabidhi, na nilipoukumbuka sikuurudisha. Nilijiambia kwamba mwalimu aliyechukua nafasi yangu angeuhitaji siku moja na angenipigia simu. Baadaye nilisikia kwamba kabati lenyewe lilishapata kufuli jipya wiki ileile niliyoondoka.

Katika mwaka huohuo bega langu la kulia liliganda. Mkono ambao ulikuwa ukiandika juu kabisa ya ubao kwa miaka 36 ulishindwa kufika kwenye fundo la kilemba. Hospitali waliniambia kwamba ni hali inayojulikana, wakanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye akanipa mazoezi ya kufanya nyumbani. Niliyafanya kama nilivyozoea kufanya kila kitu, yaani kwa nguvu na kwa kuhesabu, nikiuvuta mkono kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kuvuka daraja. Bega likazidi kukaza. Ndipo mwanamke mmoja kijana, ambaye alikuwa amejifunza yoga Dar es Salaam na akifundisha kikundi kidogo cha akina mama katika chumba cha kukodi hapa mjini, aliponikaribisha nije na jamvi langu na khanga mbili.

Kabla sijaendelea niseme jambo ambalo baadhi yenu mnalo moyoni, maana nami nilikuwa nalo. Mimi ni Mmoravian, na nilimuuliza yule binti waziwazi kama alichokuwa akifundisha ni dini. Alinijibu kwa ukweli, na ukweli wenyewe ni huu: yoga ilizaliwa India ndani ya mapokeo ya kidini ya huko, na wapo mamilioni wanaoifanya kama ibada hadi leo, lakini wapo pia wengi, wa dini zote na wasio na dini, wanaoifanya kama zoezi la mwili na pumzi. Mikao tunayoiona leo kwenye picha, kwa sehemu kubwa, ilipata sura yake katika karne ya 20, hasa kwa kazi ya mwalimu Krishnamacharya huko Mysore katika miaka ya 1930 na wanafunzi wake. Mmoja wao, Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 akiwa mtoto wa magonjwa, ndiye aliyezoesha watu kutumia kiti, mkanda, tofali na ukuta ili mwili usioweza kukunjika upate pa kuegemea. Nilimpenda kwa sababu hiyo tu. Kila mtu apime kwa dhamiri yake na azungumze na mchungaji, padri au shehe wake. Sikuja kumwingiza mtu popote.

Lakini neno lenyewe linatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Yoga linatokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kuunganisha kwa kufunga nira, nira hii hii ya ng'ombe. Katika maandiko yanayohesabiwa kuwa msingi wa yoga, yanayohusishwa na Patanjali, yamo maneno mawili yanayotajwa pamoja kama njia ya kutuliza akili: la kwanza ni kurudia zoezi bila kuchoka, na la pili ni kutong'ang'ania. Waliolima kwa plau kule Mbozi au Usangu watanielewa haraka kuliko msomi yeyote. Hao ni ng'ombe wawili chini ya nira moja, na akivuta mmoja peke yake mstari unapinda. Sisi walimu ng'ombe wa kwanza tunaye, amenenepa, maana kurudia ndiyo kazi tuliyolipwa kuifanya. Tulirudia irabu, tulirudia jedwali la kuzidisha, tulirudia majina ya mikoa. Ng'ombe wa pili hatukumfuga.

Sasa niseme nilichojifunza juu ya jamvi lile, na mtanivumilia nikikaa hapa kidogo.

Siku ya kwanza nilikaa chini, miguu mbele, nikaambiwa niiname kuelekea vidole vya miguu. Niliinama kwa hasira. Binti akaja akaweka kiganja mgongoni mwangu, hakusukuma, akaniambia: "Mama, usiifuate miguu. Toa pumzi, kisha subiri." Nilidhani ni maneno ya kumfariji mzee. Baadaye nikafahamu kwamba alikuwa akieleza jinsi mwili ulivyotengenezwa. Ndani ya misuli kuna vipokezi vidogo vinavyohisi inapovutwa. Ukivuta ghafla, habari hukimbia hadi kwenye uti wa mgongo na amri ya kukaza hurudi hata kabla ubongo haujashauriwa, kwa sababu mwili unadhani unachanwa na unajilinda. Ukivuta polepole na ukakaa hapo, mlinzi yule hupunguza ukali, na msuli hukubali kurefuka kidogo. Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa nikipigana na bega langu, nalo, likiwa na akili kuliko mimi, lilikuwa likijitetea.

Na pumzi nayo ina kazi yake. Moyo huongeza mwendo kidogo tunapovuta pumzi ndani na hupunguza tunapoitoa, na anayezoea kuitoa kwa urefu, bila kujilazimisha, anaupa mwili ishara kwamba hakuna simba nje. Ninyi mmekuwa mkifanya kinyume chake kwa miaka mingi. Mwalimu mbele ya watoto 90 huvuta pumzi na kuishika, kwa sababu anayeitoa anaonekana amekubali kushindwa.

Hata hivyo jambo lililonishinda zaidi lilikuwa la mwisho wa kipindi, ambalo kwa macho si zoezi hata kidogo. Unalala chali, mikono kando, viganja juu, macho yamefumbwa, na hufanyi kitu. Katika kitabu kimoja cha yoga cha karne ya 15 mkao huo umeelezwa kwamba ni kulala chini kama maiti na kwamba huondoa uchovu. Jina lake kwa Kisanskriti lina maana hiyohiyo, mkao wa maiti. Mnaweza kuwaza akina mama wa Mbeya walivyolipokea jina hilo. Mmoja alikusanya jamvi lake akaondoka, na sisi tuliobaki tukakubaliana kuuita mlalo wa pumziko. Nami katika mlalo huo wa pumziko nilikuwa sipumziki. Taya lilikuwa limebanwa, vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika chaki, na kichwani nilikuwa nikiandaa masomo ya shule ambayo si yangu tena.

Nilijaribu kujiamuru: legea! Walimu tunaamini sana amri. Lakini kulegea hakutii amri, sawa na usingizi usivyotii. Kilichonisaidia ni mbinu ambayo daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, aliiandikia kitabu mwaka 1929, ingawa hakuichukua kwenye yoga: kaza kwanza kwa makusudi, kisha achia, usikilize tofauti. Nilikunja ngumi ya kulia kwa nguvu zangu zote, nikahesabu hadi tano, nikaifungua. Katika kufunguka kule, kwa mara ya kwanza, nilihisi kwamba mkono wangu ulikuwa umekunjwa hata kabla sijaukunja. Sikujua. Mtu hawezi kutua kitu ambacho hajui kwamba amekibeba.

Nimetumia neno kutua, na hapa nawaombeni mniruhusu nirudi darasani kidogo, maana ndipo nilipopata kuelewa.

Watu wengi wanaposikia habari ya kuachia wanafikiri ni kutupa. Anayesema "sahau kazi sasa, umestaafu" anakutaka utupe. Lakini mtoto anayetoka kuteka maji, ndoo kichwani juu ya kata, shingo imenyooka, akifika uani hatupi ndoo. Akiitupa, ndoo inapasuka na safari yote ya kisimani inakuwa bure. Huita, "Mama, nitue!" Na mama hutoka jikoni, hushika ndoo kwa mikono miwili, na kwa pamoja, kwa kuinama polepole, huishusha hadi chini. Maji yale yanabaki maji, yatapikiwa na kunywewa. Kilichoondoka ni uzito juu ya shingo ya mtoto.

Angalieni lugha yetu ilivyofanya kazi. Kutokana na tua tulipata tulia, na kutokana na tulia tulipata utulivu. Msafiri hupumzika kwenye kituo, nacho ni neno la mzizi huohuo. Nilifundisha mnyambuliko wa vitenzi kwa miaka 36, nikaandika jedwali lake ubaoni mara nisizoweza kuzihesabu, na sikuwahi kuona kwamba babu zetu walikwisha kutuambia kuwa mtu hatulii kwanza ndipo atue. Hutua, ndipo akatulia. Mimi nilikuwa nikitafuta utulivu huku ndoo iko kichwani.

Na kingine ni kwamba yule mtoto anaita. Nyumba nyingi za wastaafu zina mtu aliyesimama uani na ndoo kichwani akiona aibu kuita, hasa akina baba, nisameheni nikiwataja. Kwenye jamvi langu aliyenitua alikuwa binti ambaye ningeweza kumfundisha darasa la kwanza. Alichukua khanga zangu mbili, akazikunja, akaziweka chini ya bega lile gumu ili lisiwe linaning'inia hewani, na bega lilipoona kwamba kuna kitu kimelipokea, likashuka. Halikushuka kwa sababu nililiambia. Lilipokelewa.

Sitadai mbele yenu kwamba yoga ndiyo iliyoliponya. Wataalamu husema bega la namna hiyo mara nyingi hulegea lenyewe katika muda wa mwaka mmoja hadi mitatu, na langu huenda lingelegea tu, nami sipendi kuwauzia dawa ya uongo. Ninachodai ni kidogo zaidi na nina hakika nacho. Nilijifunza kwanza kwa kidole, kisha kwa taya, kisha kwa bega, namna jambo linavyoachiwa bila kuvunjwa. Na mwili ulipokwisha kuijua njia, mambo mengine, ambayo hayana misuli, yaliifuata njia hiyohiyo. Asubuhi moja niliamka saa moja na nusu. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya bati la jirani. Nililala pale nikalitazama, kisha nikaenda kuchochea chai, na ilikuwa karibu saa tatu nilipokumbuka kwamba sikuwa nimevaa viatu vya kazini.

Ufunguo niliupeleka shuleni wiki hiyo. Mwalimu mkuu, kijana niliyemfundisha mwenyewe, aliupokea kwa mikono miwili bila kuniambia kwamba haufungui chochote, na nilimheshimu kwa hilo.

Wako watakaosema kwamba kuachia ni kukata tamaa, na ndugu zangu wa chama cha walimu wameshaanza kunitazama vibaya. Nisieleweke vibaya. Mafao yenu yafuatilieni hadi shilingi ya mwisho, barua zenu ziwekeni nakala, na aliyedhulumiwa kiwanja asiambiwe atoe pumzi. Maandiko ya yoga yenyewe, katika miiko mitano ya mwanzo, yanataja kutoumiza, ukweli na kutoiba kabla ya kutaja kutojilimbikizia. Anayewahimiza wanyonge waachie huku yeye ameshika, huyo hajasoma hata ukurasa wa kwanza.

Kwa mliotoka Njombe na Rungwe nina mfano ambao mnaujua kuliko mimi, kwa kuwa sasa kila shamba lina parachichi. Tunda lile hukomaa mtini lakini haliivi mtini. Unaweza kuliacha pale wiki na wiki, litabaki gumu kama jiwe. Linalainika likishachumwa. Nilipoagwa nilidhani nimechumwa ili nitupwe, na hakuna aliyenieleza habari za parachichi.

Machache kwa watakaotaka kujaribu, kisha niwaache. Mwenye presha ya kupanda au presha ya macho asikubali kuinamisha kichwa chini ya moyo, hata akisifiwa kwamba anaweza. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu asijikunje sana mbele wala kujisokota mgongo. Kizunguzungu kikija, keti. Maumivu makali si ushujaa. Mwambieni daktari kwanza mnachotaka kufanya. Hamhitaji mavazi maalumu wala mkeka wa mpira kutoka dukani. Jamvi, blanketi na ukuta vinatosha, na kwa baridi ya Makete nawashauri blanketi mbili.

Ndugu Mwenyekiti naona anatazama saa, nami ninamaliza. Tangu nimeanza kusema nimekuwa nikiwatazama kutoka hapa mbele, maana macho ya mwalimu hayastaafu. Wengi wenu mmepakata mikoba mapajani na kuishika kwa mikono miwili, na akina baba wawili kule nyuma wameshika bahasha za vyeti vyao kama tikiti za basi. Nawaombeni mgeuke kwa jirani yenu wa kulia, mpokeane mizigo hiyo, na muishushe sakafuni taratibu. Hakuna atakayeiba, mlango nauona. Sasa wekeni viganja juu ya magoti. Kunjeni ngumi, kazeni, moja, mbili, tatu, nne, tano. Fungueni. Toeni pumzi, ndefu, kama mtu anayepoza chai ya Rungwe kwenye kikombe cha bati.

Chai yenyewe iko tayari pale mlangoni. Ahsanteni kwa kunisikiliza.